Kuuza kupitia vyama vya wachimbaji vya mikoa: mwongozo kamili kwa mwenye duka la vifaa vya mgodini

Ukisimama Katoro, mkoani Geita, asubuhi utahesabu maduka ya vifaa vya mgodini mpaka uchoke. Pampu zimepangwa barazani, mipira ya maji imeviringishwa, gambuti zinaning'inia kwenye kamba, kofia ngumu za njano zimerundikwa mezani. Bidhaa ni zilezile na bei zinapishana kwa elfu mbili tatu. Kila mwenye duka amekaa anamsubiri mchimbaji apite. Mchimbaji mwenyewe yuko Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, shimo limejaa maji, na akimtuma kijana kuja kununua pampu atamwambia, "Nenda kwa yule aliyekuja kikaoni."

Mwongozo huu ni wa kukufanya uwe yule aliyekuja kikaoni. Nimeuza pampu, spea na vifaa vya usalama Kanda ya Ziwa kwa miaka, na wateja wangu wengi wa kudumu nimewapata kupitia vyama vya wachimbaji vya mikoa na matawi yao ya wilaya. Njia ni ndefu kuliko kubandika tangazo, lakini mteja anayekuja kwa njia hii harudi nyuma kwa sababu ya elfu mbili.

Kwanza, jua unabisha mlango upi

Wachimbaji wadogo wa Tanzania wana shirikisho lao la taifa, FEMATA. Chini yake kuna vyama vya mikoa, kama GEREMA ya Geita na MAREMA ya Manyara, na vyama hivyo navyo vina viongozi wa wilaya na wa maeneo ya machimbo. Wanawake wachimbaji wana chama chao, TAWOMA, kilichosajiliwa 1997. Wafanyabiashara wa madini wana TAMIDA, na migodi mikubwa ina chemba yake. Usiwachanganye. Anayenunua vito Arusha hana haja na pampu yako ya tope, na mgodi mkubwa hununua kwa zabuni, kwa masharti mengine kabisa.

Wauzaji wengi huanzia juu. Wanaandika barua kwa viongozi wa taifa wakidhani wakikubaliwa kule, mikoa yote itafunguka. Nami nilianza hivyo, na nilipoteza miezi. Kazi ya ngazi ya taifa ni sera, leseni na tozo, na kuongea na serikali. Hakuna kiongozi wa taifa atakayemwambia mwenye duara (shimo la kuchimbia) wa Nyakagwe anunue pampu ipi. Mlango wako uko mkoani, na mara nyingi uko wilayani.

Mwanachama na mnunuzi si lazima wawe mtu mmoja

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Leseni ndogo ya uchimbaji, PML, hupewa Mtanzania, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Kwa dhahabu eneo lake haliwezi kuzidi hekta 10. Ndani ya hekta hizo kunaweza kuwa na maduara kumi, ishirini, hata zaidi, kila duara na mwenyewe. Mwenye leseni anapata fungu lake kwenye mawe yanayotoka. Mwenye duara ndiye anayelisha vijana, anayenunua matimba ya kuzuia udongo, anayelipia mafuta ya jenereta. Pampu inanunuliwa na mwenye duara.

Sasa, ukienda kwenye kikao cha chama, waliokaa viti vya mbele wengi ni wenye leseni. Watakusikiliza, watakupigia makofi, na hawatanunua kitu. Usikate tamaa na usiwapuuze. Mwenye leseni ana jambo lake linalomnyima usingizi: ajali ikitokea kwenye eneo lake, Afisa Madini Mkazi anamwita yeye, na shimo linaweza kufungwa. Kwa hiyo mwenye leseni mweleze usalama na kazi kutosimama, na mwenye duara mweleze maji, mafuta na spea. Bidhaa ni moja, lakini maelezo ni mawili. Ukiyachanganya, wote wawili wataona umekuja kuongea na mwingine.

Chagua mkoa mmoja tu

Usigawe nguvu. Mkoa wa kuanzia uwe ule ambao spea inaweza kufika shimoni ndani ya siku moja kutoka ghalani kwako, na ambao una fundi wako anayeishi huko. Mimi nilianza na wilaya moja ya Geita kwa sababu hiyo, ingawa nilikuwa na jamaa Chunya walionisihi niende huko.

Kisha pima kama tawi lina uhai. Uliza mambo matatu kwa mchimbaji yeyote anayekunywa chai machimboni: kikao cha mwisho kilikuwa lini, uchaguzi ulifanyika lini, na yeye mwenyewe amelipa ada? Akijibu bila kusita, tawi lipo. Akikuambia "mwenyekiti anajua," tafuta tawi lingine. Vyama vya namna hii kwa kawaida vina katiba na usajili, kwa hiyo huna haja ya kuona haya kuuliza.

Andaa karatasi kabla ya maneno

Usajili wa jina au kampuni BRELA, TIN, leseni ya biashara, mashine ya EFD inayofanya kazi. Tengeneza barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya simu inayopokelewa hata saa mbili usiku. Andika dhamana ya bidhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka: nini kinabadilishwa bure, ndani ya miezi mingapi, na nini hakibadilishwi. Dhamana iliyoandikwa kwa lugha ya kiwandani huonekana na mchimbaji kama mtego, na mara nyingi huwa hajakosea.

Mtafute katibu

Mwenyekiti ana jina, katibu ana daftari. Katibu wa wilaya niliyeanza naye ana kaunta buku ya kurasa nyingi, jalada limefungwa kwa selotepu, na ndani amechora safu kwa rula: jina, namba ya leseni, eneo, ada, na safu ya mwisho pana kuliko zote ameiandika "Matatizo". Nilikaa naye karibu saa nzima akinisomea safu ile. Maji, maji, hewa, leseni kuisha, maji, mgogoro wa mpaka, kamba kukatika. Siku hiyo nilijifunza soko kuliko nilivyojifunza mwaka mzima dukani.

Ukienda kwake mara ya kwanza usibebe katalogi. Omba miadi kwa simu, fika kwa wakati, salimia kwa heshima hata kama ni kijana kwako, na uulize swali moja: wanachama wanalalamikia nini zaidi? Nyamaza, andika. Kabla hujaondoka muulize kalenda yao: vikao vya kamati, mkutano mkuu, mafunzo ya Tume ya Madini au ya wakaguzi wa usalama. Halafu omba dakika kumi kwenye kikao kijacho. Saa nzima usiombe, maana hutapewa, na ukipewa utaharibu.

Zingatia mvua. Kanda ya Ziwa, vuli huanza karibu na Oktoba na masika hushika Machi. Kikao cha Agosti au Septemba ndicho cha kuzungumzia pampu, mashimo yakiwa bado makavu na watu wana nafasi ya kufikiri. Ukifika Novemba utawakuta wamekwisha kununua chochote kilichokuwa karibu.

Dakika kumi kikaoni

Vikao vingi hufanyika chini ya mti, kwenye ukumbi wa kijiji au kwenye ofisi yenye viti vya kuazima. Umeme unaweza usiwepo. Achana na projekta. Beba kitu kimoja cha kushikika.

Mimi hubeba impela mbili za pampu, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji. Moja mpya, nyingine niliyoitoa kwenye pampu ya mteja, mapanga yake yameliwa na mchanga mpaka yamebaki kama sarafu iliyochakaa. Nazipitisha mkononi, mtu hadi mtu, kabla sijasema neno. Mchimbaji akishika ile iliyoliwa anaijua, kwa sababu anayo nyumbani kama hiyo. Hapo ndipo naanza: "Waheshimiwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Maji ya shimoni yana mchanga. Pampu ya maji safi hufanya hivi ndani ya wiki chache. Nimekuja kuwaonyesha namna ya kutambua ya tope na ya maji safi, hata kama mtanunua kwingine."

Sentensi ile ya mwisho iseme kwa kumaanisha. Fundisha kweli. Waonyeshe pa kusoma urefu wa kupandisha maji kwenye kibati cha pampu, na uwaambie kwamba namba iliyoandikwa pale ni kikomo. Pampu iliyoandikwa mita 40 ikipandisha maji mita 40 karibu haitoi kitu juu. Kwa shimo la mita 40 tafuta ya mita 60 na zaidi, kwa sababu mpira mrefu na mwembamba nao unakula nguvu. Waambie mota ya umeme inapowaka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, ndiyo maana pampu ya kilowati 2.2 inaizima jenereta ndogo ambayo kwenye karatasi inaonekana inatosha. Waambie waya mrefu na mwembamba hupunguza umeme unaofika chini na kuunguza mota.

Na liko moja ambalo nalisema kila kikao, nikiuza au nisiuze. Pampu ya petroli haishushwi shimoni. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na kwenye duara lisilopitisha hewa inaua watu kabla hawajajua wanakufa. Anayeshuka kuwaokoa hufa pia. Ukiuza vifaa vya mgodini na hulisemi hili mbele ya wachimbaji sitini waliokusanyika mahali pamoja, sijui unafikiri kazi yako ni nini. Mimi pampu za petroli ninaziuza, kwa kazi za juu na mialoni (panapooshwa mawe yaliyosagwa), na kila moja hubandikwa karatasi nyekundu: ISISHUSHWE DUARANI.

Maliza kwa kuomba kitu kimoja: mwanachama mmoja ajitolee duara lake kwa majaribio. Usitaje bei mpaka waulize. Wataiuliza.

Jaribio shimoni ndilo linalouza

Chagua duara pamoja na katibu, usichague mwenyewe. Uwe na mwenye duara anayeheshimika, asiye ndugu wa mwenyekiti, maana ukiweka pampu kwa mpwa wa kiongozi, waliobaki watasema umeshanunuliwa.

Andikishaneni ukurasa mmoja: pampu ni yako, anaitumia wiki mbili, mafuta ni yake, ikiharibika kwa kasoro ya pampu ni juu yako, ikiangushwa ni juu yake. Katibu awe shahidi. Kisha mpe fundi wako daftari la kuandika kila siku: saa ngapi imewashwa, lita ngapi za mafuta, maji yameshuka kiasi gani. Kiasi cha maji tunakipima kwa kamba yenye mafundo kila mita moja. Kila mchimbaji anakielewa kipimo hicho na hakuna anayeweza kusema umemdanganya.

Jaribio langu la kwanza liliharibika siku ya nne. Sili ya shafti ya pampu, ile inayozuia maji yasipenye, ilivuja, maji yakaingia kwenye mota. Fundi alinipigia saa kumi na moja jioni. Nilipakia pampu nyingine kwenye noah, tukafika saa tatu usiku, tukabadilisha kwa tochi. Asubuhi habari zilikuwa zimefika maduara yote ya jirani, na walichokuwa wanasimulia ni kwamba jamaa alikuja usiku. Wiki iliyofuata niliuza pampu sita pale. Tangu hapo kila jaribio naliendea na pampu ya akiba na seti mbili za sili, na gharama hiyo naihesabu kama ya tangazo.

Jaribio likiisha, matokeo msomee katibu kwanza, mazuri na mabaya. Mwombe mwenye duara ayaeleze yeye kikaoni. Wewe kaa nyuma.

Bei na mkopo

Chama kitakuomba punguzo la wanachama. Toa, lakini fikiri. Tuseme pampu ni shilingi 900,000. Punguzo la asilimia 5 ni 45,000, na duka la jirani litalifikia kesho yake. Mimi hupendelea bei ibaki ileile, na mwanachama mwenye kadi hai apewe seti ya sili, mafunzo ya kufunga waya, na fundi kufika mara moja bure ndani ya miezi mitatu. Gharama inakaribiana, lakini jirani hawezi kuiga bila kuwa na fundi. Na katibu anafurahi, kwa sababu neno "kadi hai" linamletea watu kulipa ada.

Mkopo utaombwa pia. Hela ya mchimbaji haiji kila mwezi. Mawe yanatoka duarani, yanasagwa karashani, yanaoshwa mwaloni, dhahabu inapelekwa sokoni, ndipo pesa inaonekana. Ukimpangia rejesho la kila tarehe 30 umempangia kushindwa. Chukua malipo ya mwanzo yanayofidia bei uliyonunulia, salio lilipwe baada ya maosho mawili, na weka tarehe ya mwisho hata kama maosho hayajatoa kitu.

Tangu masoko ya madini yaanze 2019, la kwanza likiwa la Geita, mauzo yana kumbukumbu. Mwombaji wa mkopo mwombe akuonyeshe stakabadhi zake za sokoni za miezi michache. Mwenye nazo huzitoa bila kusita. Usikubali chama kiwe mdhamini wa deni la mtu mmoja. Siku akishindwa kulipa, utamdai rafiki yako katibu, na utakuwa umepoteza vyote.

Mchango wa wazi, na ule mwingine

Kuna siku utaombwa kuchangia. Mkutano mkuu unahitaji maji ya kunywa, turubai, nauli ya mtoa mada. Changia, lakini kwa barua, kwenye akaunti ya chama, upewe risiti, na mchango utangazwe kikaoni. Vifaa vya huduma ya kwanza, kamba za uokoaji na kipima hewa cha kukaa ofisi ya wilaya ni bora kuliko fulana zenye nembo yako. Fulana huchanika. Kipima hewa huazimwa kila wiki, na kila anayekiazima anasoma jina lililobandikwa ubavuni.

Na kuna ombi la pili. Mwenyekiti wa tawi moja aliniita pembeni akataka elfu thelathini kwa kila pampu nitakayouza kwa wanachama wake, mkononi, bila karatasi. Nilimjibu kuwa niko tayari kuitoa elfu thelathini hiyohiyo kwa kila pampu, iende kwenye akaunti ya chama kwa ajili ya vifaa vya uokoaji, na niitangaze. Hakutaka. Niliondoka na sikuuza kitu pale mpaka uchaguzi ulipobadilisha uongozi. Iliniuma, maana tayari nilikuwa nimeshusha mzigo. Lakini fedha ile ingeongezwa kwenye bei ya mchimbaji, na siku ingejulikana jina langu lingekufa wilaya nzima. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 nayo haikuishia kwa watumishi wa umma, kwa hiyo usijidanganye kwamba chama ni mambo ya watu binafsi.

Kwa sababu hiyohiyo usiegemee kiongozi mmoja. Viongozi huchaguliwa na huondolewa. Salamu zako ziwafikie katibu, mweka hazina, na angalau wachimbaji watatu wasio na cheo chochote.

Grupu la WhatsApp

Ukialikwa kwenye grupu la chama, ingia kama mgeni. Soma wiki mbili bila kutangaza kitu. Mtu akiuliza kwa nini pampu yake inawaka haitoi maji, jibu vizuri, hata kama alinunua kwa mshindani wako. Tangazo liwe mara moja kwa mwezi, kwa ruhusa ya katibu, lenye picha moja na bei.

Usiombe orodha ya namba za wanachama ili uwatumie ujumbe wote kwa mkupuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa jambo hilo, na hata isingegusa, mchimbaji akipata ujumbe wa mtu asiyemjua anajua nani ametoa namba yake. Anayetaka kuwasiliana nawe ataiacha namba yake mwenyewe, kwenye karatasi unayoizungusha kikaoni.

Maonesho

Tangu 2018 Geita hufanyika maonesho ya teknolojia ya madini kila mwaka, viwanja vya Bombambili, kwa kawaida Septemba au Oktoba. Banda lina gharama. Kama ni mwaka wako wa kwanza, omba nafasi ya meza ndani ya banda la chama, ukae na wanachama wenyewe. Mchimbaji akipita atamsikia mchimbaji mwenzake akieleza pampu yako, na hilo hulipati ukiwa peke yako kwenye banda lenye mapazia.

Kabla ya kwenda mkoa wa pili

Weka daftari la mauzo lenye safu moja ya ziada: amekuja kupitia nani. Kikao, duara la majaribio, grupu, au jina la mtu. Baada ya miezi sita hesabu. Kwangu jina la mtu ndilo linaloongoza, na mara nyingi ni majina yaleyale manne au matano. Hao watembelee hata usipokuwa na cha kuuza.

Mkoa wa pili usiutafute wewe. Makatibu wa mikoa wanafahamiana, wanakutana kwenye vikao vya shirikisho. Mwombe katibu wako akupe barua ya utambulisho inayosema ukweli: uliuza nini, kiliharibika nini, ulikirekebisha kwa muda gani. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na mistari mitano, mmoja ukitaja ile sili iliyovuja na saa tuliyofika. Katibu wa mkoa wa pili aliisoma, akaikunja, akaniuliza, "Fundi wako wa huku atakaa kijiji gani?" Nilikuwa sijamtafuta bado. Nilimwomba wiki tatu, nikampata kijana wa Mwakitolyo aliyesomea ufundi wa mota, nikamleta Katoro akae nasi mwezi mzima dukani, ndipo nikarudi kuomba dakika zangu kumi.